Tunaomba Mtihani: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Rais wa Malawi

Mtaa wa Likuni,
Kambi ya Dzaleka,
Wilaya ya Dowa.

Kwa Mheshimiwa Profesa Arthur Peter Mutharika,
Rais wa Jamhuri ya Malawi,
Lilongwe.

YAH: OMBI LA KUTAHINIWA

Mheshimiwa Rais,

Natanguliza shikamoo. Kwa umri wewe ni baba yangu, kwa cheo wewe ni kiongozi wa nchi iliyonipa hifadhi, na kwa kazi wewe ni mwalimu wa walimu. Kwa heshima zote tatu naomba uipokee barua hii ya mtu mdogo, na uniwie radhi kwa dakika zako nitakazozichukua.

Naomba radhi pia kwa lugha. Chichewa changu ni cha sokoni na Kiingereza changu ni cha kamusi. Lugha ninayoweza kukuheshimu nayo inavyostahili ni Kiswahili, ambacho hapa Dzaleka ndicho kinachotukutanisha kisimani, kanisani na msikitini, sisi tuliotoka Kongo, Burundi na kwingineko. Nilipata ujasiri nilipokumbuka kwamba ulipata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naamini mtu aliyekaa Dar es Salaam hawezi kuiona salamu ya Kiswahili kuwa ngeni.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilifundisha sekondari kwa miaka kumi na mmoja katika mji mmoja ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Kivu Kusini, hadi vita viliponing'oa. Sasa naishi Likuni. Sisemi Likuni ile ya Lilongwe, yenye misheni, hospitali na shule mbili za sekondari, ya wavulana na ya wasichana. Likuni yangu ni mtaa wa kambini uliopewa jina hilohilo, kama majirani zake walivyopewa majina ya Kawale, Zomba, Blantyre na Karonga. Kwa majina hayo, Mheshimiwa, tunaweza kuizunguka Malawi nzima kwa miguu kabla jua halijawa kali, bila kutoka kambini.

Kabla ya kuomba, niruhusu nishukuru, maana anayeomba bila kushukuru hujifungia mlango mwenyewe. Malawi ni nchi isiyo na utajiri wa kumwaga, lakini wakati wa vita vya Msumbiji iliwapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, na vijiji vya mpakani viligawana nao mahindi na maji. Mwaka 1994 mkatufungulia Dzaleka, mahali palipokuwa gereza, pakawa kimbilio. Palipangwa kwa ajili ya watu wapatao 10,000 na sasa tumezidi 50,000, nanyi hamjasema kwamba hapana tena pa kulala. Watoto wetu wamekunywa Likuni phala, uji wa mahindi na soya unaobeba jina la ile Likuni ya misheni. Kila ninapoukoroga nawaza jinsi elimu ya watu wachache walioketi mahali padogo, wakapima nafaka hii kwa ile, ilivyogeuka kuwa chakula cha watoto wa nchi nzima. Kwa yote hayo, zikomo kwambiri.

Sasa naomba ruhusa niseme lililonileta.

Nilipovuka kuja huku nilikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa mara tatu. Ndani yake mlikuwa na diploma yangu ya taifa na cheti cha ualimu, kile Kongo inachokiita graduat, nilichopata katika chuo cha ualimu cha ISP, Bukavu. Nguo ziliachwa, sufuria zikaachwa, vyeti vikaja. Baada ya kutulia nilivipeleka katika ofisi moja. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu. Alivigeuza mbele na nyuma, akaniambia kwamba pale hapakuwa na mtu anayesoma Kifaransa, na kwamba hata angepatikana ingehitajika barua ya uthibitisho kutoka chuoni nilikosoma. Simlaumu, kwa kuwa hakuwa na fomu ya kumjazia mtu kama mimi. Lakini vita havikusubiri barua zetu. Goma ilitekwa Januari 2025 na Bukavu ikafuata Februari. Nikirudi kwa kijana yule leo atanidai barua ileile, na mimi sijui niiombe kwa nani.

Jirani yangu ni muuguzi aliyesomea chuoni, wa ngazi ya A1, aliyekaa miaka mingi katika wodi ya uzazi. Alfajiri anakaanga mandazi, na mandazi yake ni mazuri, ila mikono ile ilifundishwa kazi nyingine. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, mlango unaogongwa kwanza ni wake. Humfunga mgonjwa kanga vizuri, humhesabia pumzi, humsindikiza hadi kituo cha afya, kisha humkabidhi langoni na kurudi kwenye mafuta yake. Anaheshimu sheria za nchi, hagusi asichoruhusiwa kugusa. Ng'ambo ya njia yupo fundi umeme aliyewahi kusimamia mitambo ya kiwanda, na leo anachaji simu za watu kwa paneli moja ya sola.

Usidhani, Mheshimiwa, kwamba tumekaa tukisubiri. Kambini pana shule ya msingi ya Umodzi Katubza inayoendeshwa na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS, na jina lake Umodzi ni umoja kwa Chichewa. Wapo wakimbizi wanaofundisha kwa posho ya kujitolea, na madarasa yamejaa hadi madirishani. Tangu 2010 vijana wetu walianza kusoma kwa njia ya mtandao stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani, na wahitimu wa kwanza walivaa majoho mwaka 2013 hapahapa kwenye vumbi letu jekundu. Wapo pia waliojifunza useremala, ushonaji na kompyuta kupitia mashirika yaliyoanzishwa na wakimbizi wenzetu. Siku za mahafali huwa za vigelegele. Baada ya majoho kurudishwa, mhitimu huamka asubuhi akaenda kuuza nyanya. Cheti kilichovuka bahari kutoka Denver hakijapata njia ya kuvuka kilomita chache hadi Lilongwe.

Ninapotafuta namna ya kulieleza jambo hili bila kukukosea heshima, mfano bora naupata ndani ya nyumba ya Malawi yenyewe.

Marehemu Dokta Hastings Kamuzu Banda aliondoka kwao Kasungu akiwa kijana. Inasimuliwa kwamba alitolewa katika mtihani wa ualimu Livingstonia kwa sababu, akiwa mfupi wa kimo, alisimama ili ayaone maswali ubaoni, msimamizi akadhani anaibia. Akatembea hadi kusini, akavuka hadi Marekani, na mwaka 1937 akahitimu udaktari katika Chuo cha Meharry, Nashville. Ndipo akakutana na kikwazo ninachokijua mimi. Shahada ile ya Marekani haikumruhusu kutibu katika himaya ya Waingereza. Alikuwa daktari, lakini kwa makaratasi ya pale alipotaka kufanya kazi hakuwa daktari.

Alichofanyiwa baada ya hapo ndicho ninachokuomba unisaidie kukiona. Hakuambiwa aende akauze mandazi. Alionyeshwa mlango wa Edinburgh, akaambiwa kama unaijua kazi, keti hapa, soma kinachopungua, kisha tukutahini. Akaketi. Mwaka 1941 akafaulu, akawatibu Waingereza katika miji yao wakati wa vita, na baadaye akawatibu Waafrika wenzake Kumasi. Mlango ule mmoja uliwapa wagonjwa wa nchi mbili daktari waliyemhitaji, na mtu aliyeupitia ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Malawi.

Nami nimejifunza pia kwamba Wamalawi wanaujua ukimbizi kwa ndani. Baada ya mgogoro wa baraza la mawaziri mwaka 1964, waziri Kanyama Chiume na wenzake walikimbilia nje. Tanzania ilimpokea Chiume, akaishi huko miaka mingi, na kalamu yake haikunyang'anywa. Aliandika hata riwaya kwa Kiswahili, lugha ninayokuandikia. Nawe, Mheshimiwa, ulisoma sheria London na Yale, ukafundisha Dar es Salaam, Addis Ababa na Makerere, na kwa miongo kadhaa St. Louis. Kila ulipofika, elimu yako iliulizwa, ikapimwa, ikapewa kiti. Nasema hivi kwa heshima kubwa, kwa sababu naamini mtu aliyepokewa hivyo anaijua thamani ya kupokewa.

Kukueleza wewe sheria ni sawa na mimi kumfundisha mvuvi wa Nkhotakota kutega nyavu. Wewe ndiye uliyeandika, miaka ya 1970, kitabu kizito kuhusu sheria za watu wasio na uraia. Nitavitaja vifungu ili tu wasomaji wenzangu wajue tunachokisema. Malawi ilijiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na ilipojiunga ilieleza kwamba baadhi ya vifungu itavihesabu kuwa mapendekezo tu, visivyoifunga kisheria. Kimojawapo ni cha 19, kinachowahusu wakimbizi wenye vyeti wanaotaka kufanya kazi ya taaluma yao. Kingine ni cha 22, kinachohusu elimu, na ndani yake mna maneno juu ya kutambua vyeti vilivyotolewa nchi nyingine. Kuhusu cha 17, cha kazi za kuajiriwa, serikali ilisema haitafungwa kumwondolea mkimbizi sharti la kibali cha kazi. Naelewa kwamba mwaka ule wakimbizi wa Msumbiji walikuwa wakimiminika, na mwenye nyumba ndogo ana haki ya kuhesabu viti. Lakini pendekezo nalo ni mwaliko, Mheshimiwa, na hakuna sheria inayomkataza mwenyeji kuupokea siku atakayoona inafaa.

Majirani wameanza. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi mwenye vyeti vilivyotambuliwa na mamlaka husika kufanya kazi ya taaluma yake. Zambia, ambayo mnapakana nayo, mwaka 2019 ilijaribu pamoja na UNESCO hati maalumu ya kutambua elimu ya wakimbizi. Mtu huleta karatasi alizonazo, chache au nyingi, kisha huketi mbele ya wajuzi wa fani yake wakamhoji kwa utaratibu, na wakiridhika humwandikia walichokiona. Hati hiyo haisemi kwamba vita havikuchoma chochote. Inasema kwamba kichwani mwa mtu huyu mna elimu ya kiasi hiki, tumeipima.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naleta maombi matatu.

La kwanza, liundwe jopo la kupima elimu na ujuzi wa wakimbizi. Sioni haja ya ofisi mpya wala gharama kubwa. Vyombo mnavyo tayari. Lipo Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ipo TEVETA kwa kazi za ufundi, yapo mabaraza ya wauguzi na ya madaktari. Jopo likija Dzaleka hata mara moja kwa mwaka, likiwa na mtu wa kusoma Kifaransa, litakuta foleni imeshajipanga kwa utulivu.

La pili, atakayefaulu apewe karatasi inayoeleweka, na karatasi hiyo ifungue japo mlango mdogo. Uanzie Dzaleka na vijiji vinavyoizunguka, katika madarasa na vituo vya afya ambako mtoto wa Dowa na mtoto wa Kivu hukaa benchi moja. Atakayepungukiwa aambiwe amepungukiwa nini, iwe ni Kiingereza, sheria za dawa za Malawi au mtaala wa mtihani wa sekondari, MSCE, apewe muda wa kujifunza na arudi.

La tatu ni la watoto wetu. Mwaka 2015 ulianzisha vyuo vya ufundi vya jamii ili kijana asiyefika chuo kikuu asibaki mikono mitupu. Kwa wazazi wengi wa hapa, hilo ni jambo lako ambalo hata wasiojua kusoma wanalikumbuka. Tunaomba viti vichache katika vyuo hivyo vitengwe kwa vijana wa Dzaleka. Duniani kote, kati ya wakimbizi 100 wenye umri wa kusoma chuo, hawafiki 10 walioko darasani, na Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la kufikia 15 ifikapo 2030. Malawi ikitoa viti hata hamsini tu, itakuwa imelisogeza lengo hilo kwa upande wake.

Najua kuna pingamizi mbili, nami sitaki kuzikwepa.

Ya kwanza ni ya kijana wa Kimalawi aliyehitimu uuguzi au ualimu na bado hana ajira kwa kuwa bajeti haitoshi. Atauliza, na ana haki, kwa nini mgeni apimwe wakati yeye hajaajiriwa. Kwake naapa kwamba siombi nafasi yake. Mtihani hautoi mshahara, unatoa jina la kazi. Posho ya mwalimu wa kambini mara nyingi inatoka kwa wafadhili, na siku amani ikirudi Kivu nitaondoka na karatasi yangu, nikiwa shahidi wa wema wa Malawi katika darasa la watoto watakaotaka kujua mwalimu wao alikuwa wapi. Lakini kama siku moja hapa patakosekana muuguzi usiku, naomba kijana huyo na jirani yangu wa mandazi wasimame pamoja pembeni mwa kitanda kimoja.

Ya pili ni ya viwango, kwamba elimu yetu huenda ni ya chini. Huenda. Ndiyo maana tunaomba kupimwa na wala hatuombi kusamehewa. Malawi yenyewe imepita njia hii. Mwaka uleule wa 1994 mliposema shule ya msingi iwe bure, watoto walifurika, na serikali ikaajiri maelfu ya watu ambao hawakuwa wamesomea ualimu. Hamkuwafukuza baadaye kwa kosa la kutosomea. Mwaka 1997 mkaanzisha mpango wa kuwafundisha wakiwa kazini, mkawatahini, mkawapa vyeti. Walimu wale waliwafundisha watoto ambao leo ndio makarani, madereva na wauguzi wa nchi hii. Ninaomba busara ileile, mara hii kwa watu waliokwisha kusomea.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu Dzaleka ifunguliwe imepita miaka zaidi ya 30, na Malawi kwa adabu yake haijatudai jembe. Adabu hiyo imetufikisha mahali pagumu. Mgeni anayekula bila kulima huanza kuona aibu kutazamana na mwenyeji, na watoto wake hukua wakidhani hivyo ndivyo watu wanavyoishi. Mwanangu wa pili aliniuliza juzi kama ni kweli nilikuwa mwalimu. Nilimwonyesha mfuko wa nailoni. Akasoma jina langu kwenye cheti, akanitazama, akasoma tena. Mheshimiwa, mtoto haamini karatasi. Anaamini anachokiona baba yake akifanya asubuhi. Naomba aone.

Nimesema mengi kwa mtu mwenye kazi nyingi, na kama katika wingi huo pana neno lililovuka heshima, nalirudisha kwa magoti. Ombi lenyewe ni fupi. Katika miaka yangu ya ualimu nilizoea wanafunzi kuja kuniomba niwasamehe mtihani. Hapa Likuni ya Dzaleka wapo watu wazima, wenye mvi na wenye watoto mgongoni, wanaokuomba uwape mtihani.

Uwe mgumu kadiri mtakavyoona inafaa. Uwe kwa Kiingereza, tutajifunza. Siku yoyote utakayoipanga nitakuwa nimenoa penseli, nimevaa shati safi, na nimefika kabla ya kengele.

Ndimi mtumishi wako mtiifu,

Mwalimu wa hisabati,
Likuni, Dzaleka.